Firigisi ya Mkwe wa Inspekta

Watu wa huku wakisimulia habari hii wanacheka. Nimeisikia Nyamuswa kwenye pombe. Nimeisikia Murangi kutoka kwa mtu ambaye hata hakuwepo, na alikuwa ameiongezea mbwa na bibi kizee. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba sahani. Sicheki, na nikimsikia anayecheka nahama benchi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwezi wa tisa, pale Bunda. Wakati huo nilikuwa sijatulia mahali popote. Darasa la pili nilisomea Mugango, la tatu Nyamuswa kwa mjomba, la nne nikaliacha katikati nikafuata mitumbwi. Nilishavua furu, nilishabeba marobota ya pamba, nilishachunga ng'ombe wa watu ambao hata majina yao nimesahau. Mwaka huo nilikuwa nimetimiza miezi minne kwenye hoteli ya Mama Petronila, mjane wa upande wa Butiama, Mkatoliki wa kusali kabla ya kufungua mlango na baada ya kuufunga. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula mezani na kufuta meza. Kadi ya kijiji sikuwa nayo, kwa sababu kijiji sikuwa nacho.

Mpishi wetu alikuwa Keraryo. Mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye mkono wa kulia mwepesi kiasi kwamba alikuwa anapaa sato huku anakutazama wewe usoni. Mke wake, Justina, alikuwa karibu na Butiama. Mwezi wa sita walihamishwa wakapelekwa kijiji kipya, na nyumba ya zamani ilichomwa siku hiyo hiyo ili wasirudi. Kwenye kiwanja kipya Keraryo alisimamisha miti, akakandika udongo, likizo yake ikaisha kabla hajaezeka. Ukuta wa udongo usio na paa, mvua moja kubwa inautosha. Nyasi alishakata, zilikuwa zimefungwa mafungu pembeni. Mama Petronila alikuwa amempa ruhusa aondoke Jumatatu, akaezeke kabla ya vuli.

Jumamosi ndipo mambo yalipotokea.

Asubuhi alikuja askari mmoja kutuambia kwamba saa sita Inspekta Danford atakula kwetu na baba mkwe wake, Mzee Makongoro, na kwamba apikwe kuku. Inspekta alikuwa mgeni Bunda, hajamaliza hata mwaka. Alikuwa ameposa, ng'ombe kumi na wanane walikuwa wameshakwenda kwa mzee, bado harusi tu.

Hoteli yetu ilikuwa ya samaki na ugali wa muhogo. Kuku alipikwa kwa kuagizwa, na kuku wa kuagizwa ana sheria yake, kila mtu wa Mara anaijua. Firigisi haikatwi, haipotei, na haipewi mtu yeyote tu. Ni ya mkubwa wa meza. Inawekwa juu kabisa ya bakuli, aione kabla hajatia mkono. Ukimpelekea mgeni kuku asiye na firigisi, umemwambia kwamba kuna mkubwa wake ameketi mahali pengine, na ameshakula.

Keraryo aliiweka firigisi ya mzee kwenye kisosi peke yake, kwa heshima zaidi kuliko juu ya bakuli. Akaniambia, "Enoka, kisosi hiki ni cha meza ya dirishani. Kiende mwisho."

Nikasema nimesikia.

Sasa, saa hiyo hiyo Magesa, dereva wa lori la pamba, naye alikuwa ameagiza kuku. Wawili walipikwa pamoja. Nilikuwa nimeshampelekea Inspekta bakuli lake, nimerudi jikoni kuchukua bakuli la Magesa, na kisosi kilikuwa karibu. Askari mmoja aliyekuja na Inspekta akaita maji. Nikaweka sinia, nikapeleka maji, nikarudi, nikabeba vilivyokuwa juu ya meza bila kuangalia. Kisosi kikaenda kwa Magesa. Firigisi ya kuku wake Magesa ilikuwa juu ya bakuli lake, sasa akapata ya pili. Akainua macho, akatabasamu, akaila. Baadaye aliniambia, "Nilidhani umeniheshimu kwa sababu nilikupa lifti siku ile."

Kosa lenyewe ndilo hilo. Halina lingine ndani yake.

Kwenye meza ya dirishani, Mzee Makongoro aligeuza minofu kwenye bakuli. Akageuza tena. Akachukua kipande, akakishika, akakirudisha. Kisha akavuta bakuli la maji akaosha mikono. Inspekta alikuwa anamtazama, na niliona shingo yake inavimba kwenye kola.

"Mzee, vipi?"

"Nimetosheka," mzee akasema.

Inspekta akachungulia bakuli. Akatumia kidole kutafuta. Halafu akamwambia dereva wake ampeleke mzee nyumbani na Landrova, yeye ana kazi kidogo. Mzee akaondoka bila kuuliza. Landrova ilipopinda kona, Inspekta akaingia jikoni na askari wawili nyuma yake.

"Nani amepika?"

Keraryo alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amekiona kisosi kitupu mbele ya Magesa. Akanitazama mimi, mara moja tu.

"Mimi, afande."

"Kuku wenu anazaliwa bila tumbo?"

"Firigisi imekosea meza, afande. Kuku mwingine yupo bandani. Nampikia mzee sasa hivi, nampelekea mpaka kwake."

"Imekosea meza. Ina miguu? Nani aliipeleka?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa na sinia mkononi, nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Nilifikiria kadi ambayo sina. Nilifikiria lori la kukusanya wazururaji lililopita mwezi uliotangulia. Nikatazama sinia.

"Ya jikoni ni yangu mimi," Keraryo akasema.

Inspekta akampiga kofi. Mama Petronila akaingia mbio, mikono ina unga.

"Afande, mwanangu, kosa ni la hoteli yangu. Nitakwenda kwa mzee mwenyewe kuomba radhi, kwa magoti."

"Mimi si mwanao. Umenidhalilisha mbele ya mkwe wangu, mimi, mtu wa serikali. Unajua maana yake? Maana yake unaidharau serikali."

"Kwa firigisi?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, masikini. Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotumaliza.

Inspekta akaamuru upekuzi. Walimwaga mchuzi. Walimwaga dagaa sakafuni wakawakanyaga. Walipindua pipa la maji, sijui walidhani serikali imedharauliwa ndani ya pipa. Stoo wakakuta nusu gunia la sukari, na wakati ule sukari ilikuwa haipatikani ovyo. Mama Petronila akatoa kibali chake cha sukari, kina muhuri, kina sahihi. Inspekta akakisoma, akakikunja, akakitia mfukoni mwake.

"Kibali kiko wapi?" akauliza.

"Si hicho umekitia mfukoni, afande?"

"Nauliza kibali kiko wapi."

Mama Petronila akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Tulikuwa zaidi ya watu kumi mle ndani, na Magesa, na wauza pamba, wote tulikiona kile kibali kwa macho yetu, na wote tukanyamaza. Sukari ikapakiwa. Hoteli ikafungwa kwa kufuli la polisi. Keraryo akatiwa pingu na aproni yake kiunoni.

Jumapili baada ya misa Mama Petronila alikwenda kituoni na chakula. Alirudi nacho. Alichoambiwa ni kwamba Keraryo ameshikwa kwa uzururaji.

"Mzururaji vipi, ana kazi kwangu?" alikuwa amewauliza.

"Hoteli yako si imefungwa? Basi hana kazi. Mtu asiye na kazi mjini ni mzururaji. Jumatano lori linakwenda Musoma."

Sijasoma sana, lakini nilikaa chini nikalizungusha neno hilo kichwani mwangu. Anafunga hoteli kwa mkono wake, halafu anamfunga mpishi kwa sababu hoteli imefungwa. Nilitafuta mahali pa kulishika sikupaona.

Askari wa zamu alimwonea huruma Mama Petronila akamwambia neno moja zaidi: kama kuna barua ya balozi wa nyumba kumi kuonyesha kwamba Keraryo ni mwanakijiji halali, pengine ataachiwa. Mama Petronila akanitazama.

"Enoka."

"Nakwenda, mama."

Hakuniambia kitu kingine. Alijua nani alibeba kisosi. Angenitukana ningeshukuru.

Jumatatu Magesa alinipa lifti mpaka Nyamuswa, kutoka hapo nikatembea. Balozi, Mzee Stanislausi, alikuwa shambani. Alinawa mikono, akaketi, akaandika kwa herufi kubwa kwamba Keraryo ni mkazi wake, mkulima, mwanachama, mtu mwema. Alinisomea mara mbili. "Ameshikwa kwa nini?" akauliza. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini akaniangalia kama mtu anayengoja mwisho wa habari. Nikamwambia ndiyo imeisha.

Justina nilimkuta anapaka kuta udongo kwa viganja, upande wa mashariki ulikuwa umeanza kupasuka kwa jua. Mafungu ya nyasi yalikuwa yamepangwa safi. Alikuwa ameokota hata kamba za katani za kufungia, ameziloweka kwenye sufuria.

"Shemeji, mbona uko peke yako? Si alisema Jumatatu?"

"Amecheleweshwa kidogo. Alhamisi."

"Mwambie mawingu ya ziwani nayaona kila jioni."

"Nitamwambia."

Nilisema Alhamisi kama mtu mwenye ufunguo wa mahabusu.

Kisha nikafanya ambalo sikutumwa. Nikaenda kwa Mzee Makongoro. Alikuwa zizini anaangalia ndama mwenye kidonda. Nilisimama mbali kidogo, nikamwamkia kama baba yangu, nikamwambia, "Tata, mimi ni yule wa hoteli. Nimekuja kuomba radhi kwa firigisi."

"Firigisi gani?"

"Ya Jumamosi. Ambayo hukupewa."

Mzee akafungua mdomo wake, akanionyesha kwa kidole. Mbele meno yalikuwepo manne, nyuma upande mmoja fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu.

"Mimi firigisi nitaitafuna na nini? Niligeuza geuza nitafute ini. Jino lilikuwa linaniua. Nikanawa."

Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe. Sikuchagua mahali.

"Hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Chakula kilinukia vizuri. Danford alifanya nini?"

Nikamweleza yote. Yeye alidhani ile kazi kidogo iliyobaki ilikuwa ya mambo ya walanguzi. Mzee alitema mate. Alisema, "Kesho tunakwenda wote. Mtu hafungwi kwa jino langu." Nakwambieni, siku hiyo nililala kama mtu aliyeshiba.

Jumanne mchana tulikuwa mbele ya kaunta ya kituo. Inspekta alitoka ofisini, akamwona mkwe wake, akavaa kofia haraka. Mzee alisema vizuri, sitaki kumwonea. Alisema hakutukanwa, jino lilikuwa linamuuma, mpishi aachiwe. Alisema mbele ya askari wanne, na mmoja wao alikuwa yule aliyecheka.

Inspekta akatutazama. Kama angetuita ofisini akafunga mlango, labda. Lakini askari wanne walikuwa wanasubiri waone uso wake utafanya nini.

"Mzee wangu," akasema, "hili limeshatoka kwenye chakula. Sasa ni la serikali."

"Serikali ilikula nini pale?" mzee akauliza.

"Mzee. Nakuheshimu sana. Tuna mambo mengi mbele yetu, mimi na wewe. Wale ng'ombe, kwa mfano. Sijauliza habari za yule ndama wa mahari mwenye kidonda. Sijasema kitu kuhusu mmoja aliyeuzwa Kiabakari kabla ya harusi."

Mzee Makongoro alikuwa na fimbo. Aliihamisha kutoka mkono huu kwenda ule. Nilimwona anahesabu, midomo inacheza. Kisha akasema amechoka na safari, ataketi nje kivulini kidogo. Akatoka. Sikumwona tena, na mpaka leo sijui nimkasirikie yeye kiasi gani, maana hasira nyingine zote nimeshazigawa.

Nikatoa barua ya balozi. Inspekta akaisoma pole pole, herufi zile kubwa.

"Inasema ni mkulima."

"Ndiyo, afande."

"Mkulima wa kijiji cha ujamaa. Jembe lake liko kijijini, yeye yuko Bunda anachoma kuku. Basi ametoroka kijiji. Umeniletea kosa la pili, asante." Akaibana barua kwenye jalada.

Mkono wa Keraryo niliuona wakati huo. Walikuwa wamemtoa afagie ukumbi. Alikuwa anafagia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka kifuani, vidole vimevimba vyeusi, viwili vimekaa upande usio wao. Niliambiwa baadaye walivipiga kwa ubapa wa rungu juu ya meza, wanamuuliza firigisi aliila nani, na yeye akawa anajibu, "Kuku ni wangu."

Ndipo nikasema. Siku tatu nimechelewa, lakini nikasema, tena kwa sauti.

"Mimi ndiye niliyebeba kisosi. Mpishi alikiweka sawa. Mimi ndiye niliyepeleka meza isiyo yake. Mwachieni, nishikeni mimi."

Inspekta hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua," akasema. "Si ulikuwa umesimama na sinia unatetemeka?"

"Ulijua?"

"Niliuliza, yeye akajibu. Aliyejibu ndiye niliyemwandika. Unataka nifute jalada zima kwa ajili yako?" Akawatazama askari, kisha akanigeukia mimi. "Kadi unayo?"

"Sina."

"Kazi?"

"Hoteli."

"Ipi?"

Askari wakacheka wote, safari hii kwa ruhusa.

Keraryo aliacha kufagia. Nilidhani atanitazama kwa shukrani, nisiseme uongo, nilikuwa nimejiandaa kupokea shukrani hiyo. Alikuja karibu, akaninong'oneza kwa hasira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine tangu hapo.

"Mjinga wewe, mura. Ungekaa nje. Nani sasa anakwenda kumwezekea Justina?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Naapa, katika kutembea kote kule, na barua, na mzee, na kukiri kwangu kwa sauti, halikunijia. Nilikuwa nafikiria dhambi yangu tu, namna ya kuitua.

Jumatano lori lilitupeleka Musoma wote wawili. Kule hakuna aliyetuuliza habari ya kuku. Karatasi zilisema wazururaji wawili, mmoja mtoro wa kijiji. Tulipewa miezi minne tukapelekwa shamba moja la wafungwa, jina lake silitaji. Tulilima shamba la kupandia pamba. Keraryo alilima kwa mkono mmoja, na msimamizi alimwita mvivu. Mvua ilinyesha wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Ilianza mchana, tukiwa mistarini, matone makubwa. Watu walishangilia kwa sababu kazi ilisimama. Keraryo alisimama katikati ya mstari ametazama upande wa Butiama, maji yanamtiririka usoni.

Tulitoka mwezi wa kwanza. Inspekta alikuwa ameshaoa, ameshahamishwa na cheo juu. Sukari ilikwenda ilikokwenda. Mama Petronila alifunguliwa hoteli bila maelezo, akakuta panya. Alimwambia Keraryo kazi yake ipo, Keraryo akainua ule mkono akamwonyesha, mama akalia.

Nilikwenda naye mpaka Butiama, ingawa hakuniomba. Kiwanja kile kilikuwa na miti iliyosimama kama mbavu, udongo wote umeshuka chini umekuwa tuta. Mafungu ya nyasi yalikuwa yameoza meusi. Justina alikuwa anaishi kwenye banda la mbuzi la jirani, na alikuwa anakohoa kikohozi kikavu. Alimtazama mume wake, akautazama mkono, halafu akanigeukia mimi.

"Wewe ulisema Alhamisi."

"Ndiyo, shemeji."

"Walimfunga kwa kosa gani?"

Nikamtazama Keraryo. Alikuwa ameshachukua jembe kwa mkono wa kushoto anachota udongo kutoka kwenye tuta, anaurundika. Hakunisaidia. Basi nikamweleza Justina, kisosi, Magesa, jino la mzee, yote.

Aliposikia akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Bado sijasikia kosa," akasema. "Rudia."

Nikarudia mara ya tatu, na safari hii maneno yalikuwa machache sana, yalikuwa kama mawili au matatu tu. Justina akaitikia kwa kichwa. Akanionyesha ndoo na njia ya kwenda mtoni, kwa sababu udongo ulikuwa mkavu na ukuta ulikuwa unahitaji maji.

Nilikaa kwao mpaka paa likakamilika. Keraryo alikuwa anashikilia miti kwa bega, mimi nafunga kamba. Tuliongea habari za kamba tu. Siku ya mwisho aliniambia, "Sasa nenda," na nikaenda.